Hukumu Bila Sababu: Barua ya Wazi kwa Baraza la Mitihani la Tanzania na Wizara ya Elimu

Kwa Katibu Mtendaji na wajumbe wa Baraza la Mitihani la Tanzania. Kwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia. Na kwa maofisa elimu wote wa mikoa na wilaya.

Waheshimiwa,

Kwa taadhima ambayo mzazi mwenye watoto shuleni huwiwa kuitoa kwa watu waliokabidhiwa kazi ya kupima akili za watoto hao, naomba ruhusa ya kusema nanyi hadharani, kwa kuwa haja niliyo nayo ni ya wengi, na haja ya wengi ikisemwa faraghani hugeuka kuwa ombi la mtu mmoja, ikajibiwa kwa hisani ya mtu mmoja, na waliobaki wakabaki walipokuwa. Sikuja kulalamika kwamba mitihani ni migumu, wala kuomba viwango vishushwe ili watoto wetu wapite kwa wepesi. Mzazi aombaye hayo humtakia mwanawe cheti asichokuwa na elimu yake. Nililo nalo ni neno moja tu: Baraza hutoa hukumu juu ya mtoto, lakini sababu za hukumu hiyo, ambazo Baraza linazo, hazimfikii mzazi, na mzazi asiyezijua sababu hana la kumsaidia mtoto wake illa kumkemea au kumwombea dua.

Natangulia kutoa haki yenu. Baraza hili, lililoundwa kwa Sheria Na. 21 ya mwaka 1973 baada ya nchi yetu kujitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki mwaka 1971, lilirithi kazi ambayo zamani ilikuwa ya watu wa mbali, enzi zile karatasi za vijana wetu zilipofungwa na kusafirishwa hadi Cambridge zikasahihishwe na mabwana ambao aghalabu hawakupata kuuona mnazi. Na kwa muda wa nusu karne limeifanya kazi hiyo kwa uangalifu ambao mtu mwenye insafu hawezi kuukana. Kuwapelekea maswali yale yale, siku ile ile na saa ile ile, watoto zaidi ya milioni moja wa darasa la saba, kutoka Mkinga hadi Kyela na kutoka Mafia hadi Ngara, katika shule ambazo nyingine hufikiwa kwa mashua na nyingine kwa pikipiki, na kuilinda siri ya maswali hayo njia nzima, si jambo la kubezwa. Walakini uangalifu huo wote huishia pale matokeo yanapotangazwa, ilhali kwa mzazi hapo ndipo shughuli inapoanza.

Waliotutangulia waliliona tatizo hili mapema. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alionya kwamba mtihani hupima zaidi uhodari wa kukumbuka na kutoa kwa wakati kile kilichokaririwa, na kwamba mambo makubwa ya mwanadamu, kama kufikiri na moyo wa kuwatumikia wenzake, hayaingii katika karatasi. Na Azimio la Musoma la mwaka 1974 likafuatia, kiasi kwamba kuanzia mwaka 1976 kazi za kila siku za mwanafunzi zikaanza kuhesabiwa pamoja na mtihani wa mwisho. Fikra ilikuwa njema. Lakini kwa kadiri miaka ilivyokwenda, hizo kazi za kila siku nazo zimegeuzwa kuwa mitihani: mtihani wa wiki, wa mwezi, wa nusu muhula, wa ujirani mwema, wa kata, wa wilaya, wa mkoa, na ule wa mwisho wa majaribio ambao sote tumezoea kuuita moko. Mtoto wa kidato cha nne siku hizi hupimwa mara nyingi kuliko anavyofundishwa, na kila kipimo huleta nyumbani kitu kimoja, yaani namba.

Sasa namba yenyewe maana yake nini? Hapa naomba mnivumilie kidogo, kwa sababu sidhani kama wengi wetu tulio nje ya ofisi zenu tumewahi kuketi na kufanya hesabu hii. Katika mtihani wa kidato cha nne alama A huhesabiwa pointi 1, B pointi 2, C pointi 3, D pointi 4 na F pointi 5, kisha hujumlishwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi mtahiniwa. Daraja la nne huanzia pointi 26 hadi 33. Chukua basi kijana aliyepata D katika masomo mawili, na D ni alama 30 hadi 44 katika mia, kisha akapata F katika masomo matano yaliyobaki: D mbili ni pointi 8, F tano ni pointi 25, jumla 33. Kijana huyu ameanguka katika masomo matano kati ya saba, na katika yale mawili huenda hakufika hata theluthi moja ya alama, lakini katika hesabu ya taifa ameandikwa miongoni mwa waliofaulu, na asilimia ya ufaulu inaposomwa redioni naye yumo ndani yake. Mwenzake aliyekosa alama moja katika somo moja kati ya hayo mawili, akabakiwa na D moja, ana pointi 34, naye ni sifuri, na majirani wanamtazama kama mtu aliyefiwa. Kati ya vijana hawa wawili, tofauti ya maarifa ni ndogo mno, na tofauti ya hukumu ni kubwa mno. Wala mzazi wa huyu wala mzazi wa yule hajaambiwa mwanawe anajua nini.

Kadhalika darasa la saba. Mtihani ule una masomo sita, kila moja alama 50, na mtoto akifikisha 121 katika 300 amepata C na amefaulu. Sisemi kwamba mpaka huo umewekwa vibaya. Mipaka lazima iwekwe mahali, na popote itakapowekwa atatokea mtu wa kuilalamikia. Nasema kwamba mzazi anayepiga kigelegele kwa ile C hana habari kwamba mwanawe amekosa sehemu kubwa ya alama zilizokuwapo, na kwamba baada ya miezi michache ataingia katika darasa ambalo kila somo, illa Kiswahili na mengine machache, litafundishwa kwa Kiingereza. Mwaka 2012 taifa zima lilishtuka kusikia kwamba maelfu ya watoto waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza hawajui kusoma wala kuandika. Walikuwa wamefaulu. Walichagua herufi zao, zikahesabiwa, zikatosha. Na katika miaka saba ya shule hakuna karatasi hata moja iliyokwenda nyumbani kwao kumwambia mzazi, kwa maneno yasiyo na mafumbo, kwamba mtoto huyu hawezi kusoma.

Tukumbuke pia yaliyotokea mara baada ya hapo. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalipotangazwa Februari 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri. Waziri Mkuu, Mheshimiwa Mizengo Pinda, akaunda tume. Na mwezi wa Mei Serikali ikayafuta matokeo hayo na kuamuru yapangwe upya, wakainuka vijana wengi ambao hawakuongeza neno hata moja katika karatasi zao, ijapokuwa walioanguka bado walikuwa wengi kuliko waliosimama. Ukaja mwaka 2014, madaraja tuliyoyazoea yakaondolewa, tukaletewa wastani wa pointi, na maneno mapya ambayo hata walimu walihitaji kuelezwa. Haukupita muda mrefu, mwanzoni mwa mwaka 2016 tukarudishwa katika madaraja ya zamani. Kila badiliko lilikuwa na sababu zake na wataalamu wake. Lakini katika mabadiliko hayo yote mjadala ulikuwa juu ya jina la kuipa alama, na mzazi aliyekaa pembeni akisikiliza hakupata kujua kama mwanawe anaweza kuandika barua, kupiga hesabu ya riba, au kueleza kwa nini maji ya mtaro huleta kipindupindu. Jirani zetu wa Kenya, walioufanya mtihani wao wa mwisho wa darasa la nane mwaka 2023 kisha wakauaga, sasa huwaambia wazazi kwamba mtoto amezidi matarajio, ameyafikia, anayakaribia, au yuko chini yake. Ni maneno ya upole zaidi kuliko F, hilo nakubali. Mzazi anabaki akijiuliza matarajio hayo ni yapi.

Niwaelezeni kitu nilichokiona kwa karibu. Mwaka jana nilihudhuria kikao cha wazazi katika shule moja ya sekondari ya kata, ambayo sitaitaja kwa sababu ingeweza kuwa yoyote katika nchi hii. Tulikaa katika madawati ya watoto, magoti yamegusa mbao, na mwalimu wa taaluma, mtu mpole aliyechoka, akasoma nafasi kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Kisha zikagawiwa ripoti. Mama aliyekaa kando yangu, muuza mihogo ya kukaanga, akanipa ya mwanawe nimsomee, kwa kuwa miwani aliisahau nyumbani. Ilikuwa karatasi ya safu tano: somo, alama, daraja, nafasi, na maoni ya mwalimu. Hisabati alikuwa na 18, F, na mbele yake pameandikwa “Ongeza bidii”. Fizikia 22, F, “Ongeza bidii”. Kiingereza 33, D, “Ongeza bidii”. Kiswahili 61, C, “Vizuri, ongeza bidii”. Nilipomaliza akaniuliza, “Baba, hapo wameandika afanye nini?” Nikamwambia wanasema aongeze bidii. Akasema, “Bidii ipi tena? Mtoto analala saa sita na daftari kifuani.” Alipokwenda kumwuliza mwalimu, akajibiwa kwa adabu kwamba amtafutie tuisheni.

Kijana mwenyewe alikuwapo, na daftari lake la Hisabati akanipa. Mwenye macho na asome: ukurasa wa sehemu, hesabu ya 1/2 + 1/3, na jibu lake 2/5, limepigwa kosa kwa kalamu nyekundu, chini yake hesabu nyingine ya namna hiyo, na nyingine, na nyingine, zote zimekosewa kwa namna ile ile. Kijana amejumlisha kiasi na kiasi, asili na asili. Hakuwa akibahatisha. Alikuwa na kanuni yake, ameishika kwa uaminifu tangu huenda darasa la tano, na kadiri alivyoongeza bidii ndivyo alivyozidi kuitumia kanuni mbovu. Kumwonyesha kwamba nusu peke yake ni kubwa kuliko humusi mbili, hivyo haiwezekani nusu iongezwe kitu kisha ipungue, na kumfundisha upya kutafuta kigawe kidogo cha shirika, ni kazi ya alasiri chache kwa mtu yeyote aliyemaliza sekondari na mwenye subira. Lakini mama yake hakuambiwa habari ya sehemu. Aliambiwa habari ya bidii.

Hamuwezi kusema, waheshimiwa, kwamba maarifa ya namna hii hayapatikani, kwa sababu ninyi wenyewe mnayo na mmeyaandika. Kila mwaka Baraza hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, kitabu kwa kila somo, na mimi ni mmoja wa wazazi wachache nadhani walioketi kuvisoma. Ni kazi nzuri sana. Swali baada ya swali mnaeleza lilikusudia kupima nini, watahiniwa kwa kiasi gani walilijibu, waliofanya vizuri walielewa nini na waliofanya vibaya walipotelea wapi. Mnaweka na vielelezo, mwandiko wa mtoto mwenyewe, jibu zuri na jibu baya, na mwishoni mada zimepangwa kwa rangi, kijani kwa zilizofanywa vizuri, njano kwa za wastani, nyekundu kwa zilizowashinda. Mwalimu akivisoma vitabu hivi kwa makini atafundisha vizuri zaidi mwakani. Lakini vinamzungumzia mtahiniwa kwa ujumla wake. Vingi vya sekondari vimeandikwa kwa Kiingereza. Na mtoto ambaye mwandiko wake umekuwa kielelezo cha jibu baya hajui kwamba ni yeye, na mzazi wake hatajua milele. Nahodha akitupa bildi majini hufanya hivyo apate kuugeuza usukani kabla ya mwamba. Sisi tunaipima kina bahari, tunaiandika katika daftari safi, na chombo kinaendelea na safari yake.

Isitoshe, katika mtihani wa darasa la saba majibu ya kuchagua husomwa kwa mashine, nayo mashine haiwezi kutoa jumla pasipo kwanza kujua kila swali mtoto alijibu nini. Ina maana kwamba ndani ya hazina zenu, kwa kila mmoja wa watoto wale milioni na zaidi, imo orodha ya alichokijua na alichokikosa, swali kwa swali, mada kwa mada. Orodha hiyo hubanwa ikawa herufi moja kwa kila somo, herufi hiyo hubandikwa mahali ambapo dunia nzima yaweza kuisoma, na orodha yenyewe hulala. Hapa ndipo ninapoona dhuluma ndogo isiyokusudiwa: matokeo ya mwanangu jirani anaweza kuyafungua katika simu yake kabla yangu, akanipa pole dukani, lakini sababu zake, ambazo zingenisaidia, hazionwi na jirani wala nami. Kilichostahili kuwa siri kimetangazwa, na kilichostahili kuelezwa kimefichwa.

Nitaambiwa kwamba Baraza lina kazi ya kupima, na kusaidia ni kazi ya shule. Jibu hilo lingekuwa sahihi kama kipimo chenu kisingekuwa na nguvu ya kumrudisha mtoto nyuma. Katika upimaji wa kitaifa wa darasa la nne na wa kidato cha pili, asiyefikia kiwango hurudia darasa, na utaratibu huo umepata kuondolewa kisha ukarejeshwa, kwa hiyo si aya iliyoteremshwa, ni uamuzi wa wanadamu unaoweza kutengenezwa. Sipingi mtoto kurudia. Lakini katika kurudia kwa sasa mtoto hukalishwa katika chumba kile kile, mbele ya mwalimu yule yule, akasomeshwa mada zile zile kwa kasi ile ile, pamoja na wadogo zake wanaomcheka. Hakuna karatasi inayosema mtoto huyu amerudi kwa sababu ya jambo fulani na fulani, na kwamba shule imejiwekea wajibu fulani kwake. Wengi hawarudii hata huo mwaka. Mvulana huonekana bandarini au juu ya bodaboda, msichana huonekana jikoni kwa watu, na katika daftari la mahudhurio huandikwa mtoro. Wizara ilifanya jambo la heshima mwaka 2021 ilipotoa waraka wa kuwarejesha shuleni walioacha masomo kwa sababu mbalimbali, hata wasichana waliopata ujauzito. Ningependa sana moyo ule ule umfikie mtoto kabla hajatoka.

Mfano mwingine ni wa watoto wenye mahitaji maalumu. Siku ya mtihani utaratibu wenu ni wa kusifiwa: wasioona hupata karatasi za nukta nundu, wenye uoni hafifu hupata maandishi makubwa, na huongezwa muda, dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Nilipolisoma hilo nilifurahi, kisha nikajiuliza huyu mwenye uoni hafifu alisomaje ubao kwa miaka saba, na ni nani aliyewahi kumwambia mama yake kwamba kule kuinamia daftari si utovu wa adabu. Nchi inayojua kumwongezea mtoto dakika ishirini siku ya mwisho bila shaka inaweza kumsogeza dawati la mbele siku ya kwanza.

Katika habari ya mashindano, niwapongeze kwa uamuzi wa Januari 2023 wa kuacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi kumi bora. Ni uamuzi uliopingwa, hasa na wale waliozoea kuyageuza matangazo yenu kuwa matangazo ya biashara zao, nami nawaomba msiyumbe. Lakini desturi ikifukuzwa sebuleni huingia uani. Mabango barabarani bado yanahesabu daraja la kwanza la mwaka juzi, na wakuu wa shule bado huitwa wakaulizwa kwa nini halmashauri imeshuka nafasi. Na mkuu aliyeulizwa hivyo, akirudi shuleni, haanzi na yule wa 1/2 + 1/3, huanza na wale waliokaribia mpaka, kwa kuwa hao ndio watakaopandisha asilimia. Simlaumu. Ametii kipimo alichopewa.

Nalo suala la fedha sitalikwepa, maana ndilo litakalotajwa kwanza mezani. Tangu Januari 2016, kufuatia Waraka Na. 5 wa mwaka 2015, watoto wetu wanasoma bila ada, na hilo ni jema ambalo vizazi vitalishukuru; ruzuku ya shule ni shilingi 10,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa msingi na 25,000 kwa wa sekondari, na kila mwenye kujua bei ya rimu ya karatasi anajua kwamba ndani ya fungu hilo hamna malipo ya mwalimu wa masomo rekebishi. Ndiyo maana msaada umehamia katika tuisheni, na tuisheni hununuliwa, na anayeihitaji zaidi ndiye asiyekuwa na cha kununulia. Walakini ninachokiomba hakihitaji kwanza majengo wala ajira elfu. Kinahitaji karatasi moja kwa mtoto mmoja.

Naomba kwamba matokeo ya darasa la nne, ya darasa la saba na ya kidato cha pili yafuatane na hati ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili cha kueleweka na mtu aliyeishia darasa la saba, ikiandika kwa kila somo mada alizoziweza mtoto na zilizomshinda, na ikitoa mfano mmoja wa swali alilokosea, kwa kuwa mfano mmoja humfunza mzazi kuliko aya nzima ya istilahi. Darasa la saba hati hiyo inaweza kutoka katika mashine zenu. Madarasa mengine, ambayo karatasi zake husahihishwa kwa mkono, wasahihishaji wapewe fomu ya mada watie alama wanapopita, na ikiwa hilo ni zito kwa wote, lianze kwa wale waliofeli tu. Hati ipitie kwa mkuu wa shule, impate mzazi mkononi mwake kabla ya mwisho wa Januari, isibandikwe ubaoni.

Kisha naomba Wizara iweke sharti kwamba mtoto yeyote asirudishwe darasa, wala asivushwe akiwa na F ya Hisabati au ya lugha, pasipo shule na mzazi kuketi na kutia saini mapatano mafupi: mada zipi zitarudiwa, na mwalimu gani, siku zipi, mzazi naye ameahidi nini. Huenda ahadi ya mzazi ikawa kumwachia mtoto jioni mbili kwa wiki bila kumtuma gengeni. Hiyo pia ni ahadi, na sisi wazazi tunahitaji kubanwa nayo, maana wapo kati yetu wanaokwenda shuleni mara mbili tu, siku ya kuandikisha na siku ya kugomba. Masomo hayo ya kurekebisha yasitozwe mchango. Na yale maneno “Ongeza bidii” yapigwe marufuku katika ripoti za shule kwa waraka, mpaka mwalimu atakapokuwa tayari kuandika bidii hiyo iongezwe wapi.

Najua walimu wana madarasa ya watoto themanini na zaidi, na mtu anayewaongezea karatasi ya kujaza si rafiki yao. Basi ondoeni mitihani. Futeni nusu ya hii mitihani ya wiki, ya ujirani na ya kata ambayo humla mwalimu siku nzima za kusahihisha na haimwambii mtu neno jipya, na katika saa zitakazopatikana mwandikieni nafasi ya kusaidia. Sera mpya ya Elimu na Mafunzo, iliyozinduliwa Dodoma mwanzoni mwa mwaka 2025, imeweka elimu ya lazima ya miaka kumi, sita ya msingi na minne ya sekondari. Na maadamu kila mtoto atavuka kwenda sekondari kwa sheria, mtihani wa kumaliza msingi hauna tena kazi ya kuwa bawabu. Ukibaki kutoa herufi tu, utakuwa hauna kazi kabisa. Huu ndio wakati wa kuupa kazi nyingine, kabla miongozo haijakauka wino na kabla vyombo vya kupimia havijatengenezwa kwa mfano wa vile vya zamani.

Msije mkanijibu kwamba jambo hili litafanyiwa utafiti. Chagueni wilaya moja, mnayoitaka ninyi, iwe ya pwani au ya bara, na katika matokeo yajayo ya upimaji wa darasa la nne mwape wazazi wake hati hiyo. Baada ya mwaka mmoja waulizeni wazazi na walimu kama iliwafaa. Nawaomba jibu lenu, likiwa ndiyo au likiwa siyo, mlitoe kwa maandishi na lipelekwe katika kila ofisi ya kata, mahali ambapo wazazi wenzangu wataweza kulisoma wenyewe.

Wenu kwa heshima na taadhima,

Mzazi,
Tanga.